SHAMBA NA MSITU: Mhuhu, Mwarobaini na Vipepeo vya Gede

Magharibi ya barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi umelala msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo lipatalo kilomita za mraba 420. Katika Afrika Mashariki hapana msitu mkavu wa pwani uliosalia ulio mkubwa kuliko huu. Mkulima wa mpakani aghalabu huutazama kwa uchungu: mashamba ni machache, na tembo wakitoka usiku humaliza mahindi yaliyopaliliwa miezi mitatu. Manung'uniko yake ni ya haki. Hata hivyo, atamaniye kuufyeka apate konde yampasa autazame udongo kwanza. Ukanda wa katikati, penye mirihi, ni mchanga mweupe usioshika maji wala rutuba. Mahindi ya humo yangekuwa ya kusikitisha.

Hasara kubwa zaidi imeletwa na shoka. Mhuhu ni mti mgumu, wenye harufu nzuri, usioliwa na wadudu upesi, na kwa sababu hiyo wachonga vinyago wa Malindi na Mombasa, wengi wao Wakamba, waliupenda kupita kiasi. Tabu ni kwamba mti huu hukua polepole mno. Aukataye mhuhu mnene leo hataishi kuuona mwingine ukifikia unene ule. Na kwa kuwa mchongaji huchagua iliyo minene na iliyonyooka, msitu hubakiwa na vijiti na visiki.

Badala yake ipo, tena imesimama uani. Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, huota wenyewe kando ya nyumba na njia, kwa maana ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Huota upesi, na gogo lake huchongeka vizuri. Lina sharti moja: likaushwe taratibu kivulini, la sivyo kinyago hupasuka kikiisha kufika kwa mnunuzi, na aibu humpata fundi. Vivyo hivyo kwa nguzo za kujengea: wakulima wengi wa Kilifi hupanda mivinje, ambayo huvunwa baada ya miaka michache tu, na kila mvinje uuzwao ni boriti moja ya mkoko iliyoachwa baharini.

Jambo la ajabu kidogo ni lile lililoanzishwa Gede mwaka 1993, liitwalo Kipepeo. Mkulima humnasa kipepeo jike msituni, humtia katika kizimba cha chandarua pamoja na mmea ule apendao kutagia, kisha huwalisha viwavi majani mpaka kila mmoja ajifungie katika ganda lake. Hapo ndipo huitwa pupa, na ndiyo bidhaa yenyewe. Pupa hupelekwa Gede, hulipiwa, husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, na sharti wafike kabla ya kuota mbawa, maana kipepeo hangoji forodha. Aina nyingi za majani hayo hutoka msituni. Basi mfugaji aliyekuwa akiombea msitu ukatwe huanza kumtazama mwenye shoka kama mwizi wake.

Biashara hii si ya kila mtu, wala haina uhakika daima. Mwaka 2020, nyumba zile zilipofungwa kwa ajili ya korona na ndege kupungua, soko lilianguka, na mwenye vizimba pekee bila muhogo wala kuku alipata shida.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu majirani wa msitu kujiunga katika vyama vya kuutunza pamoja na Serikali, na vyama hivyo viko Gede, Jilore na Sokoke. Ajiungaye aulize mapema ni kuni zipi na mizinga mingapi anayoruhusiwa. Na mwenye mwarobaini mnene shambani asiuuze kwa bei ya kuni kabla hajapata bei ya wachongaji wa Malindi.