Mafuta ya Karafuu na Haki ya Aliyeipanda

Katika neema zote ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia visiwa vya Unguja na Pemba, hapana iliyovuka bahari nyingi kuliko karafuu. Nami naona ni dhulma kwa mkulima kwamba, baada ya takriban karne mbili za kuipanda na kuichuma, angali analipwa thamani ya ua lililokauka, ilhali utajiri wake ulio mkubwa, yaani mafuta yaliyomo ndani yake, aghalabu humpita akiutazama.

Mkarafuu si mti wa asili ya pwani yetu. Kwao ni visiwa vya Moluku, katika Indonesia ya leo, penye Ternate na Tidore na jirani zao. Na sifa yake ni kongwe mno, kwani katika enzi ya Han huko Uchina mtu wa baraza alitia karafuu kinywani kabla ya kusema mbele ya mfalme, ili pumzi yake isimkere. Waholanzi walipoitwaa biashara hii katika karne ya 17 waliing'oa na kuichoma mikarafuu ya visiwa vingi, isibaki ila pale walipoweza kuilinda, hasa Ambon, bei isije ikashuka. Hata mnamo mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kupatiwa miche kwa siri na kuipanda Mauritius. Kutoka upande huo wa bahari ndipo mbegu ilipofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akaamrisha ipandwe kwa wingi. Dhoruba ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu siku hizo Pemba ndiyo shamba. Wala haijuzu kuisimulia tarikhi hii pasi na kuwataja watumwa, ambao kwa jasho lao mashamba yale yalisimama, hata sheria ya mwaka 1897 ilipokuja kuufuta utumwa.

Mwenye kutaka kuelewa dhulma niisemayo na aketi barazani jioni moja ya msimu, wakati wa kuchambua. Shada hushikwa kwa mkono mmoja likasukumwa juu ya kiganja cha pili, karafuu zikamwagika jamvini, na mkononi yakabaki makonyo, ambayo hutengwa kando kama kitu cha baadaye. Karafuu zitaanikwa kwa hadhari kubwa, zitaanuliwa mbio mbio wingu likitanda, zitapimwa na kuhesabiwa. Makonyo hayapati heshima hiyo, na wengine huyaona kuwa ni taka. Kumbe katika kila ratili 100 za makonyo makavu mna ratili 5 hadi 7 za mafuta, na katika karafuu yenyewe 15 hadi 20, na hata majani yana 2 au 3.

Kuyapata ni kazi ya mvuke. Makonyo hushindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa humo ukayachukua mafuta, kisha ukapozwa kwa maji baridi ukageuka kuwa umajimaji. Na hapo huonekana ajabu yake, kwani mafuta mengi ya manukato huelea, bali haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, basi huzama chini yakakusanyika. Kazi hii haitushindi, kwani pale Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha makonyo.

Nguvu ya mafuta haya yatokana na kitu kiitwacho eujenoli, ambacho ndicho sehemu yake kubwa. Hicho ndicho kinachotia ganzi jino linalouma na kuua vijidudu, na madaktari wa meno hukichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakazibia jino kwa muda. Wakati mmoja viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitengeneza ladha ya vanila kwa eujenoli ya mafuta ya karafuu. Lakini dawa yenye nguvu hutaka kipimo: mafuta matupu huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyameza yaweza kumharibu ini. Kwa hiyo yanikera kuona sokoni vichupa visivyo na jina wala maelezo, na vingine vimeongezwa mafuta ya nazi.

Nisemalo ni hili. Bei ya makonyo itangazwe bayana kabla ya msimu, sambamba na ya karafuu, na ipimwe kwa mafuta yaliyomo. Vyama vya ushirika vipewe ruhusa na mikopo ya mitambo midogo ya kukeneka, huko huko vijijini, kwa sharti kwamba majani yatakayotumika ni yale yaliyopukutika, kwa kuwa mkarafuu ukivuliwa majani yake hudhoofu na msimu ufuatao hauzai vema. Na kila chupa itokayo iandikwe mahali ilipotoka, kiasi cha kuchanganya, na onyo la kuiweka mbali na watoto.