Stepu Anazo, Mchujo Ndio Noma: Msee wa Densi Mwenye Usonji Atakula Wapi Nairobi?

Cheki hii form. Umeshika stepu zote za shoo ndani ya siku mbili. Saa kumi na moja jioni mesej inaingia kwa grupu ya WhatsApp: ngoma imebadilishwa, lokesheni imehamishwa, mvae nyeusi. Wasee wengi watalalamika kiasi halafu wadandie mat. Kwa msee wa densi mwenye usonji, hiyo mesej moja inaweza kuharibu siku yote, na malipo pia.

Watu wakiskia usonji wanafikiria mtoi asiyeongea. Wengine kweli hawaongei. Wengine wanaongea mpaka unauliza usonji uko wapi. Tofauti iko kwa vile ubongo unapokea sauti, mwanga, mguso na watu. Na usinunue ile stori ati kila mwenye usonji ana kipaji cha ajabu. Kuna wengi ambao mwili na mdundo haziskizani kabisa. Lakini pia kuna wenye watarudia stepu moja mara mia bila kuchoka, na uliza mwalimu yeyote wa densi kama hiyo ni shida.

Na wamefika mbali. 2011 kule Uingereza, James Hobley, kijana wa miaka 11 mwenye usonji, alifika fainali ya Britain's Got Talent akisakata densi. Mwaka huo huo Broadway, New York, The Lion King ilifanya shoo ya familia zenye watu wa usonji: sauti ikapunguzwa, taa kali zikatulizwa, wenye wamelemewa wakapewa mahali pa kutulia. Safi sana. Ila angalia hiyo shoo ilitulizwa kwa sababu ya nani: mwenye amekaa kwa kiti. Mwenye yuko kwa steji mara nyingi bado anaambiwa avumilie.

Sasa rudi Nairobi. Kazi ya densi huku huioni kwa gazeti. Ni video za wasanii, harusi, uzinduzi wa bidhaa, klabu, na mbogi yenye inajuana. Ili upate, lazima usalimie watu, ucheke na prodyusa, ubaki baada ya shoo ndio ukumbukwe. Hapo ndio huyu msee anaachwa, na densi yake haijaonekana hata. Akiangalia chini ukimwongelesha, ana madharau. Akiuliza moja kwa moja doh ni ngapi na inaingia lini, ni mjuaji. (Hilo swali, kusema ukweli, wasee wote wa densi wangekuwa wanauliza.)

Utasema sheria iko. Iko. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, na inataka mwajiri wa watu 20 na zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Poa. Sasa nionyeshe mbogi ya densi yenye imeajiri watu 20. Huyu analipwa kwa shoo, kwa M-Pesa, siku yenye promota amekumbuka. Asilimia 5 ya nini?

Yenye ingemsaidia hata si ghali. Mtumie ngoma na stepu mapema. Mkubalie ajirekodi video badala ya kupanga laini na wasee sitini kwa ukumbi wenye spika zinalia. Mwambie kama kutakuwa na moshi ama taa za kuwakawaka. Mpatie kona bila kelele kabla apande. Andika saa na malipo. Niambie ni msee gani wa densi, usonji ama bila, angekataa hayo.

Na kama ni wewe tunakuongelea, TikTok ni mchujo wenye unaendesha mwenyewe: chumba chako, taa yako, rekodi mara arobaini ukitaka. Promota akikutafuta, mwandikie yenye unahitaji kabla useme ndio. Akikataa kuandika saa na doh, wacha aende na shoo yake.