Pikapu ikigoma asubuhi, usikimbilie pampu!

Wiki hii nina neno na wenye pikapu za zamani, hasa Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L. Mimi mwenyewe naendesha moja, vituko vyake navijua. Ikigoma kuwaka asubuhi, fundi njaa atakwambia, "Bosi, pampu imekufa!" Funga pochi, sikiliza gari kwanza.

Ukipiga stata ukasikia tik-tik tu, angalia betri na teminali zake. Betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji.

Stata inazungusha kwa nguvu, ekzosi inatoa moshi mweupe, injini haishiki? Dizeli inafika ila haiungui. Pima hita, zile plagi 4 za kupasha moto. Isiyopitisha umeme imekufa.

Hakuna moshi kabisa? Bonyeza mara kadhaa ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Ikiwaka, ujue hewa inapenya kwenye mpira wa mafuta. Mpira na kibanio chake ni vijisenti, pampu ni mshahara mzima!

Fundi akikataa kupima hivyo, tafuta mwingine. Tukutane wiki ijayo.