PICHA YA CHINGA DAM SI KESI YA KANISA



Leo sina neno la kubembeleza. Ukikasirika, kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Wiki hii nimeletewa simu mara tatu, nione picha. "Pasta, hebu angalia vijana wako." Naangalia. Ni vijana tisa wa kanisa letu, siku ya Jumamosi, kando ya maji ya Chinga Dam, mashamba ya majani chai nyuma yao. Mmoja ameruka, miguu iko hewani. Wengine wanacheka meno yote nje. Na mtu mzima, mtu wa maombi, ameandika chini yake: hawa ndio tunawapa maikrofoni Jumapili?

Nimemjibu pale pale. NDIYO. Ndio hao.

Hao vijana nawajua. Jumatatu mpaka Ijumaa wengine wako shambani kabla umande haujakauka, kikapu mgongoni, halafu wanasimama foleni kwa kituo cha majani wakingoja lori la kiwanda. Wengine wako kwa bodaboda hapa Othaya mjini, mvua ni yao, baridi ni yao. Wamechanga pesa kidogo kidogo, wakabeba chapati na soda, wakaenda kuangalia maji. Sasa niulize: mlitaka wapumzikie wapi? Kwa baa?

Mmesahau haraka sana. Februari 2024, hapo jirani Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu. Hii milima yetu imezika vijana wengi sana kwa sababu ya chupa. Kijana wa Nyeri akimaliza Jumamosi yake na marafiki, akarudi nyumbani akiwa na akili zake timamu, kanisa linafaa kupiga makofi. Sisi tunaitisha kikao!

Soma Marko 6:31. Wanafunzi walikuwa wamechoka, watu wakija na kwenda, hata nafasi ya kula hawana. Bwana hakuwaongezea kesha. Aliwaita kando, mahali pa utulivu, wapumzike kidogo. Kupumzika na marafiki si dhambi. Yesu ndiye aliyeita.

Utaniambia, "Pasta, shida si kwenda. Shida ni hizo picha. Ni majivuno."

Haya, tuongee picha. Wewe mzee mwenzangu, tulipokuwa wadogo mpiga picha alikuja na Yashica yake wakati wa Krismasi. Filamu ilikuwa na picha 36 na hakuna iliyopotezwa. Tulisimama wima kama tunaapishwa, tumevaa koti la kuazima. Wengine walienda studio mjini wakasimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ambayo hawajawahi kuipanda. Hizo picha bado ziko sebuleni kwenu, zimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mgeni akija unamwonyesha. Hakuna aliyekutenga kanisani. Kijana wa leo amesimama mbele ya bwawa la kweli, na nguo ni yake. Nani alijivuna zaidi?

Cucu wangu aliishi miaka mingi na aliacha picha moja tu, ya kitambulisho. Alipofariki tuliipeleka ikakuzwa kwa ajili ya programu ya mazishi. Uso wake ulitoka kama ukungu wa asubuhi. Yule mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi leo sina picha hata moja akicheka. Watoto wangu wanamjua kama mtu aliyekasirika.

Katika Yoshua 4 Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto wakiuliza kesho, wazazi wawe na la kuwaonyesha. Mungu anajua binadamu husahau. Usiniambie kuweka kumbukumbu ya siku njema ni kazi ya shetani.

Sasa nifike mahali panaponiuma mimi mwenyewe.

Miaka minane iliyopita nililetewa picha kama hizi. Dada mmoja wa timu ya sifa, amesimama kando ya maporomoko ya Zaina, mkono wa kijana uko begani mwake. Wawili tu. Niliambiwa, "Pasta, chukua hatua kabla moto haujasambaa." Nikachukua hatua. Jumapili iliyofuata hakuimba. Nilitangaza kwamba "anapumzika." Kanisa lote likaelewa.

Baadaye nikaiona picha yenyewe, nzima. Walikuwa watu saba. Yule kijana alikuwa mtoto wa shangazi yake, na upande wa pili alikuwa amemshika kaka yake vile vile. Mtu alikata pande zote mbili kwa kidole, akaniletea kipande.

Nilienda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinipa chai. Yule dada hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Pasta, hukuniuliza."

Hakurudi. Sauti ile sijaisikia tena madhabahuni kwetu.

Mithali 18:17 inasema wazi kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Aya ya 13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Mpumbavu huyo nilikuwa mimi, na nina cheti cha chuo cha Biblia ukutani. Picha ni nusu sekunde ya maisha ya mtu. Haikuonyeshi nani alishika simu, nani amekatwa pembeni, wala waliomba nini kabla ya kuanza safari. Hata Bwana wetu, Mathayo 11:19, walimwangalia amekaa mezani na watu fulani, wakamwita mlafi na mlevi. Kama wangekuwa na simu, hiyo picha ingezunguka Yerusalemu yote.

Kwa hiyo sikizeni uamuzi wangu. Atakayeniletea picha ya mtoto wa mwenzake, nitamuuliza kwanza: umeongea naye? Kama hujaongea naye, toka na simu yako.

Na nyinyi vijana, msishangilie sana, niko na yenu. Usikope kwa simu ili uonekane Nanyuki kwenye bango la Ikweta. Picha itasahaulika kabla ya deni kuisha. Usirudi nyuma hatua moja zaidi ukingoni mwa maji ili picha itoke vizuri. Mama yako anakutaka mzima. Na kuna mmoja wenu anayepiga picha kila safari na hayuko kwenye hata moja. Mwambieni alete hiyo simu, aingie katikati. Pengine ndiye anayehitaji zaidi kujua kwamba ana marafiki.

Tuombe. Baba, tusamehe tuliohukumu kwa kipande. Warudishe wale tuliowanyamazisha, hata kama hawatarudi kwetu, wasikuache Wewe. Linda vijana wetu barabarani na majini. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu ulimhukumu bila kumuuliza, usiandike Amina hapa. Mpigie simu kwanza.