Rambo wa Kwanza Halii Bure

Wapo wenzetu wanaoapa kwamba Rambo ni ile ya pili, ya mwaka 1985, yenye mishale ya kulipuka na helikopta. Ile ya kwanza, ati, haina kitu: stelingi mwenyewe analia! Mimi nakataa. Juzi nimeitazama tena hiyo ya kwanza, First Blood ya mwaka 1982, dakika zake zote 93, sikusogeza mbele hata kidogo. Nasimama kuitetea, ingawa si yote.

Tuanze na hesabu, maana mashabiki wa ile ya pili wanapenda kuhesabu maiti. Katika First Blood Rambo anasababisha kifo cha mtu mmoja. Mmoja tu, bwana! Ni askari Galt, aliyekuwa akimlenga risasi kutoka kwenye helikopta. Rambo anarusha jiwe, helikopta inayumba, Galt anaporomoka. (Mbwa siwahesabu.) Askari wengine wanaomfuata msituni anawategea mitego, anawajeruhi, anawaacha hai. Anamshika mkuu wao, Teasle, anamwekea kisu kooni, anamwonya amwache, kisha anapotea gizani. Mtu anayeweza kuua wote halafu haui: sisi tunaojifunza kuandika hadithi tunatafuta mvutano gani zaidi ya huo?

Na ugomvi wenyewe chanzo chake nini? Si bomu, wala binti wa tajiri aliyetekwa. Ni mtu anayetembea kwa miguu, nywele ndefu, koti la jeshi, mfuko wa kulalia begani. Ametoka kumtafuta rafiki yake wa vitani, kaambiwa kafa kwa kansa iliyotokana na sumu waliyomwagiwa huko Vietnam. Anataka mahali pa kula tu. Polisi haipendi sura yake, anampakia garini, anamshusha nje ya mji. Akigeuka kurudi, anakamatwa kwa uzururaji. Uzururaji, jamani! Neno hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Limo katika sheria tulizorithi kwa mkoloni, na ni kosa ambalo ushahidi wake ni jinsi ulivyovaa.

Mahabusu wanambana ili wamnyoe kavu kwa nguvu. Wembe unasogea usoni, na papo hapo anaona kisu cha waliomtesa vitani. Mwongozaji Ted Kotcheff haweki hotuba hapo. Macho ya Stallone yanatosha.

Sasa kile kilio. Karibu picha nzima huyu mtu hasemi, halafu mwishoni maneno yanamtoka hovyo hovyo pamoja na kamasi. Anasimulia rafiki aliyelipuliwa Saigon na sanduku la mtoto wa kupiga kiwi viatu. Analalamika kwamba vitani alikabidhiwa vyombo vya mamilioni ya dola, nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari. Mnaocheka hapo mnacheka nini hasa? Kwamba mwanamume ametoa machozi? Basi mnamtaka Rambo yule yule aliyemtaka Teasle: afunge mdomo, apite.

Kasoro zipo, tena nyingine nzito. Kanali Trautman kila akiingia anatutajia ubora wa Rambo kama dalali mnadani, inachosha. Wanawake ni kama hawapo. Lakini kubwa zaidi ni hili: picha inayojua kulia namna hiyo haikubakiza chozi hata moja kwa Mvietnam. Anatokea akiwa mtesaji mwenye kisu, au mtoto mwenye bomu, basi. Nchi ni yao, waliolipuliwa kwa wingi ni wao, anayeliliwa ni mgeni.

Halafu mwisho wake. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, Rambo anauawa na Trautman, yule yule aliyemtengeneza. Watengenezaji wa picha walirekodi mwisho ambamo anakufa, kisha wakauweka kando. Stelingi hafi! Kwa kutokufa kwake jeshi likatoka safi, Trautman akageuka baba mwema, na mtaji wa ile ya pili ukapatikana. Humo mtu aliyekosa kazi ya kuegesha magari anatolewa gerezani, anarudishwa Vietnam kupigana upya vita iliyokwisha shindwa, na Co Bao, mwanamke pekee mwenye sauti, anabusiwa na kuuawa karibu kwa pumzi moja. Mwaka huo huo Rais Reagan akatania kwamba, baada ya kumtazama Rambo, sasa anajua la kufanya mateka wakikamatwa tena. Aliyelia amefanywa bendera.

Kwetu jina lilipokelewa kwa upande huo wa nguvu. Hata mifuko ya plastiki tukaiita rambo, mpaka ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Anayetaka kunijibu aandike, jarida hili lina kurasa. Ila kwanza aitazame mpaka mwisho, asiizime pale jamaa anapoanza kulia.