Vijana Wetu na Vitabu Vyema

Mgeni afikaye Kisangani hakosi kupelekwa Wagenia kuyatazama maporomoko. Hapo ndipo mto Kongo umalizapo ngazi zake za pande hizi. Maporomoko ya Boyoma ni saba. Huanza upande wa Ubundu, hushuka mwendo wa kilomita 100 hivi, na la mwisho ndilo hili. Katikati ya maji yaendayo kwa kishindo wavuvi wamesimika miti mikubwa, wakaifunga kwa kamba za mwituni, na humo wametundika migono, yaani vikapu virefu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Maji humsukuma samaki ndani, naye hawezi kurudi nyuma. Kazi hii mwana huirithi kwa babaye.

Siku moja tulizungumza hapo na mzee mmoja mvuvi. Mwanawe, kijana mwenye adabu, alikuwa karibu kufanya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Mzee alituambia, “Mwanangu ana madaftari mengi, yote ameyajaza kwa mkono wake. Lakini kitabu kizima, chenye mwanzo na mwisho, sijamwona nacho hata siku moja. Je, huko ndiko kusoma?” Kijana akajibu kwa upole, “Baba, mtihani hauulizi vitabu. Huuliza yaliyo daftarini.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Na mtihani ukiisha, utasoma nini?”

Neno hilo tulirudi nalo nyumbani, na leo twataka kulifikiri pamoja nanyi, hasa ninyi wanafunzi.

Kwanza tuseme kweli: kosa si la kijana peke yake. Vitabu ni ghali, na shule nyingi hazina hata kabati moja la vitabu. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na daftari huwa ndiyo elimu yote. Hatumlaumu mwalimu afanyaye kazi kwa chaki tupu. Walakini daftari ni muhtasari wa mawazo ya mtu mwingine. Anayelikariri hupata majibu, lakini hajifunzi kuuliza maswali. Mji wa Kisangani una chuo kikuu tangu mwaka 1963. Kijana aingiaye humo bila kuwahi kusoma kitabu kizima ni kama mtu atiwaye katika maji ya kasi kabla hajajifunza kupiga makasia.

Tena kitabu chaweza kugeuza maisha ya mtu. Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika, alikuwa mwalimu hodari wa ufasaha, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 386, akiwa bustanini huko Milano, alisikia sauti ya mtoto ikimhimiza atwae na kusoma. Akafungua nyaraka za Mtume Paulo, akasoma maneno machache, na tangu saa ile akawa mtu mwingine.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye alikuwa askari apendaye sifa. Mwaka 1521 alivunjika mguu vitani Pamplona. Alipokuwa amelala akiuguzwa aliomba hadithi za mashujaa, lakini nyumbani hazikuwamo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha maisha ya watakatifu. Taratibu akatambua jambo hili: ndoto za sifa na ushujaa zilimfurahisha kwa saa moja, kisha zikamwacha mkavu, mawazo ya watakatifu yalimwachia amani hata baada ya kukifunga kitabu.

Hapo, vijana wapenzi, mna kipimo chema. Ukimaliza kusoma, jiulize: kitabu hiki kimeniacha na nini? Kama kimekufundisha kudharau watu, kucheka uchafu au kutamani fedha bila jasho, basi kimekuibia saa zako. Kama kimekuacha unafikiri, unawahurumia wenzako na unaitafuta kweli, hicho ni kitabu chema, hata kama hakina jina la dini juu yake. Bwana wetu, aliyewachagua wavuvi kuwa Mitume, alitoa mfano wa wavu ukusanyao samaki wa kila namna. Ulipojaa, wavuvi waliketi wakachagua. Wagenia wajua maana yake: mgono hauchagui, mvuvi ndiye achaguaye. Siku hizi simu ya mkononi huleta maandiko mengi kuliko mto uletavyo samaki. Si yote ya kuliwa.

Kuchagua si kukataa kila kitabu cha mgeni au cha mtu mwenye kosa. Kuna vitabu vya kusomwa kwa macho mawili. Mwingereza Stanley alipita katika maporomoko haya Januari 1877, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari yake, akieleza jinsi alivyopigana na watu wa mto. Tippu Tip wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyefanywa liwali wa maporomoko haya mwaka 1887, aliandika mwenyewe habari za maisha yake, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo watu wake waliisambaza pande hizi. Ni vitabu vyenye mafundisho mengi. Lakini angalieni: Stanley ameandika, Tippu Tip ameandika, nao wavuvi waliosimama ukingoni siku zile hawakuacha karatasi hata moja. Mjukuu wao asiyesoma hatajua lililosemwa juu ya babu zake, wala hataweza kulijibu. Asomaye leo ndiye atakayeandika kesho.

Wala msidhani kwamba vitabu vyote hutoka mbali. Mwaka 1948 Paul Lomami Tshibamba alitoa “Ngando”, hadithi ya mtoto wa Kinshasa aliyetoroka shule akaenda mtoni, mamba akamchukua. Kitabu hicho kilipata tuzo huko Brussels. Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, aliandika vitabu vingi kwa Kifaransa chepesi juu ya kijiji, mji, ndoa na uchawi, mambo tuyaonayo kila siku. Na katika Kiswahili yuko Shaaban Robert wa Tanga, ambaye katika “Kusadikika”, kitabu cha mwaka 1951, asimulia habari za mtu ashitakiwaye kwa sababu ya kuanzisha mafundisho ya sheria. Nani kati yetu hatatambua humo nchi aijuayo?

Mtasema, “Tutavipata wapi?” Swali ni la haki. Haya ndiyo mashauri yetu. Wanafunzi watano wachange fedha kidogo wanunue kitabu kimoja kilichokwisha kutumika, kisha wapokezane, kila mtu juma lake. Waombeni mapadre, masista na walimu wenu. Wengi wana vitabu vinavyoliwa na mchwa rafuni. Soma kurasa kumi kila siku kabla giza halijaingia, wala usingoje likizo. Uwe na daftari dogo la kuandikia, si kwa kunakili, bali kwa maneno yako mwenyewe: nimeelewa nini, nimekataa nini. Na kitabu cha kuazima kirudishwe kikiwa safi, ili mwenye nacho asifunge mlango.

Nanyi wazazi, msiseme kwamba kijana aliyeshika kitabu amekaa bure. Mwachieni nusu saa na taa kidogo. Mwambieni awasomee kwa sauti jioni, hata kama ninyi wenyewe hamkwenda shule, kisha mwulizeni maana yake. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwisho, twawaarifu habari ya kijana yule wa Wagenia. Kabla hatujaondoka tulimwazima kitabu kimoja chembamba. Tuliporudi baada ya majuma matatu, tulimkuta babaye juu ya miti, akiufungua mgono. Alituona, akapaza sauti ili ishinde kishindo cha maji: “Ametusomea chote! Sasa mama yake auliza kama kipo kingine.”

Kipo, mama. Vipo vingi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.