Ukinunua Nyumba, Umenunua na Ahadi Zake



Wapendwa waamini, upo usemi uliozoeleka mno midomoni mwa watu wetu hapa mjini, nao ni huu: "Mimi nimenunua nyumba, sikununua wapangaji." Husemwa kwa kujiamini, mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na wanaousikia hutikisa vichwa kukubali kana kwamba neno la haki limetamkwa. Sisi tunasema wazi kwamba usemi huo ni wa uongo, na kwamba Mkristo anayeutumia kumtoa nje mtu aliyekwisha kulipa kodi yake anavunja amri ya saba ya Mungu.

Tueleze jambo lenyewe, maana wapo watakaodai tunatia chumvi. Dar es Salaam, kama katika miji yetu mingine, mpangaji wa chumba mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine ya mwaka mzima. Fedha hiyo humfikia mwenye nyumba kabla mpangaji hajaingiza hata godoro. Ukifika mwezi wa pili au wa tatu, mwenye nyumba anaiuza. Dalali anamhakikishia mnunuzi kwamba wapangaji "watatoka tu". Mauziano yanafanyika, mashahidi wanatia sahihi, na haupiti muda wapangaji wanapewa notisi ya siku saba. Wakiulizia kodi yao, mnunuzi anawaambia wamdai aliyewapangisha. Na huyo aliyewapangisha simu yake haipatikani. Wakisitasita kuondoka, umeme unakatwa, mlango wa choo unang'olewa, na pengine hata mabati huezuliwa wakati wa masika, watoto wakiwa ndani.

Sasa tuulize: ni nini hasa kilichouzwa? Mwenye nyumba alipopokea kodi ya miezi sita, alimpa mtu mwingine haki ya kukaa katika chumba kile kwa miezi sita, na thamani yake akaila. Haki hiyo haimo tena mkononi mwake. Anachoweza kuuza ni kiwanja, kuta, paa, na kila kitakachokuwa chake muda ule ukiisha. Akiuza pia ile miezi aliyokwisha kuiuza, ameuza kitu kimoja mara mbili. Na mnunuzi anayelijua hilo akanunua, hana tofauti na yule anunuaye sufuria ya wizi gulioni huku akijua ilikotoka. Wala asiseme hakujua. Nguo zilikuwa zimeanikwa uani siku aliyokuja kuikagua nyumba! Aliona majiko ya mkaa barazani, aliona ndala za watoto mlangoni. Alichagua kutouliza.

Ni kweli kwamba wanasheria hawakuwa na kauli moja tangu zamani. Katika sheria ya Kirumi, mnunuzi hakulazimika kuheshimu upangaji alioukuta. Mpangaji alibakiwa na dai dhidi ya aliyempangisha, basi. Watu wetu wanairudia Roma ya kale pasipo kujua. Lakini dunia haikubaki huko. Wanasheria wa Uholanzi walishika kanuni kwamba mauzo hayavunji upangaji, na Ujerumani ikaiandika katika sheria yake ya madai iliyoanza kutumika mwaka 1900. Hapa kwetu Tanzania, ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo wengi wamejisadikisha kwamba mpangaji ni kama mgeni wa njiani. Wanajidanganya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mpangishaji wajibu wa kumwacha mpangaji anayelipa kodi akae kwa utulivu.

Na hata kama sheria ya nchi ingenyamaza kabisa, Mama Kanisa hakunyamaza. Katekisimu, katika namba 2409, inafundisha kwamba kuchukua au kushikilia isivyo haki mali ya mwingine ni kosa dhidi ya amri ya saba hata pale ambapo sheria ya serikali haikuvunjwa. Na namba 2410 inadai ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe kikamilifu. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati juu ya tatizo la makazi, na jina lake ni swali linalotukumbusha lile aliloulizwa Kaini: umemfanyia nini ndugu yako asiye na makao?

Wahubiri tumezoea kumtaja Nabothi na shamba lake la mizabibu. Lakini Nabothi alikuwa mwenye mali. Mpangaji hana hata hilo la kujitetea nalo. Afadhali tusome Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 10 na ya 11. Mkopeshaji, mtu mwenye dai halali kabisa, anakatazwa kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, aletewe. Ikiwa anayedai kwa haki alizuiwa kuvuka kizingiti cha maskini, huyu ambaye mpangaji hadaiwi naye hata senti ya miezi hiyo amepata wapi ruhusa ya kutupa vyombo vya watu barabarani?

Tunajua tutakavyojibiwa. Mnunuzi naye amekopa katika SACCOS, marejesho yanamsubiri, naye anataka kuhamia kwake. Tunamhurumia, ila deni lake halilipwi kwa kodi ya mama muuza vitumbua. Tutaambiwa pia kuna wapangaji wakaidi, ambao kodi yao imekwisha zamani nao wanafanya mauzo kuwa kisingizio cha kukaa bure. Hao hatuwatetei, nao wanakula cha mwenzao, na waungame.

Njia ya haki si ngumu, ni hesabu tu. Tuchukue nyumba ya vyumba sita, kila chumba shilingi 50,000 kwa mwezi, na kila mpangaji amebakiza miezi minne. Hiyo ni shilingi 1,200,000. Mnunuzi aikate katika bei, jambo hilo liandikwe katika mkataba wa mauziano, na wapangaji wakae hadi miezi yao iishe. Akihitaji vyumba mapema, akubaliane nao kwa hiari, awarudishie ya miezi iliyobaki pamoja na gharama ya kuhama. Na aliyekwisha kuwatoa watu awatafute, awalipe. Zakayo hakuishia kwenye kusikitika; alitoa fedha.

Kwa hiyo, anayekuja kuomba nyumba aliyoinunua ibarikiwe ajue kwamba kwanza tutauliza: walikuwamo nani, na waliondokaje? Kama walitolewa kabla ya muda wao na hawajalipwa, maji ya baraka yatasubiri. Tumewaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo watuletee majina ya familia zilizotolewa kwa namna hii, wawe wa dini yetu au la. Wenye nyumba na wanunuzi wanaotaka kusawazisha mambo yao waje ofisini Jumanne au Alhamisi, baada ya Misa ya asubuhi. Waje na mkataba wa mauziano, na stakabadhi za kodi kama zipo.